Ini lililoumia hukataliwa upesi

Hii ni hotuba niliyoitoa Tudor, Mombasa, mbele ya wanafunzi wa afya, wauguzi na wazazi waliowasindikiza. Waliokosa kufika wameomba iandikwe. Nimeiandika kama nilivyoisema; zile picha za ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma. Na wanaoitikia "Bwana asifiwe", asifiwe. Hamjambo?

Nianze na swali. Mtu amepandikizwa ini la mwenzake, kisha mwili wake ukalikataa. Mwauliza kwa nini, mwajibiwaje? Nasikia pale mbele: "Kwa sababu si lake." Kule nyuma nasikia: "Damu hazikupatana." Majibu mazuri, na nikikusahihishieni mtihani nitawapa nusu ya alama. Nusu tu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonileta hapa leo, na waliotufundisha si watu, ni mbwa, nguruwe na panya. Mwili hauulizi tu, "Hili ini la nani?" Mwili unauliza pia, "Hili ini limepatwa na nini?"

Mimi kazi yangu ni kukaa mbele ya hadubini na kusoma vipande vya nyama vilivyokatwa vyembamba kuliko karatasi. Msitarajie hadithi za chumba cha upasuaji. Mtu wa hadubini huletewa ushahidi, hashuhudii vita.

Tuanze na ngozi, maana elimu hii ilianzia hapo. Ni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza, na watu wanaungua kila siku. Mtaalamu wa wanyama aitwaye Peter Medawar akaenda Glasgow kufanya kazi na mpasuaji Thomas Gibson. Kulikuwa na mwanamke aliyeungua vibaya, wakambandika vipande vidogo vya ngozi ya kaka yake. Vikashika, vikapendeza, kisha vikafa. Wakabandika vingine, vya kaka yule yule. Hivi vya pili vilikufa upesi zaidi. Mwaelewa maana yake? Mwili ulikuwa umeweka kumbukumbu. Waliandika habari hiyo mwaka 1943, na Medawar akarudi Oxford kuirudia kwa sungura wengi, akaonyesha kwamba anayefanya kazi hii ni kinga ya mwili. Mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Tangu hapo fundisho likawa moja: kinga hutenganisha changu na kisicho changu. Likaungwa mkono Boston mwezi Desemba 1954, figo ya pacha ilipowekwa kwa pacha mwenziwe wa kufanana na isikataliwe. Fundisho zuri. Mwalimu hulisema kwa dakika mbili na mwanafunzi hulikariri kwa moja. Ila halitoshi.

Sasa njooni kwenye ini.

Mwaka 1955, kule Albany, jimbo la New York, daktari C. Stuart Welch alimwekea mbwa ini la pili bila kuliondoa lile la kwanza. Miaka michache baadaye timu mbili, ya Francis Moore huko Boston na ya Thomas Starzl huko Chicago, kila moja kivyake, zikajaribu lililo gumu zaidi: kuling'oa ini la mbwa na kuweka jingine mahali pale pale. Mbwa wa mwanzo walikufa mezani, au usiku ule ule. Nawauliza, walikufa kwa kukataliwa? Hapana! Kukataliwa kwa namna hii huchukua siku. Walikufa kwa sababu ukiubana ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni, damu hujaa kwenye utumbo na moyo ukabaki hauna cha kusukuma. Tena walikufa kwa sababu ini lenyewe lilikuwa limekaa na joto lake bila damu, likaharibika kabla ya kushonwa.

Walipojifunza kuichepusha damu kwa mpira, na kulipoza ini, mbwa wakaanza kuishi. Hapo ndipo kukataliwa kulipopata nafasi ya kuonekana. Wiki moja hivi, macho manjano, mbwa hagusi chakula, basi. Nataka vijana muuone mpangilio huo: jeraha lilikuja kwanza, kukataliwa kukafuata. Kwa miaka mingi tuliyachukua kama matatizo mawili, hili la mpasuaji na lile la mtaalamu wa kinga, kila mmoja na ofisi yake. Mimi nasema ni tatizo moja lenye sura mbili.

Starzl, kwa wanaotaka kujua, alijaribu kwa binadamu tarehe 1 Machi 1963 mjini Denver. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, akafa kwa kuvuja damu. Ilibidi angoje hadi 1967 ndipo mgonjwa wa ini jipya, mtoto msichana, akaishi zaidi ya mwaka.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Ini likikatiwa damu, ndani yake hutokea nini?

Ini ni kiungo chenye kazi nyingi na njaa kubwa ya oksijeni. Damu ikisimama, mitokondria za seli haziwezi kutengeneza nishati. Nishati ikiisha, pampu zinazotoa chumvi nje ya seli husimama, chumvi na maji huingia, seli huvimba. Taka za kemikali hulundikana. Ukiliweka ini kwenye barafu, kwenye nyuzi 4 hivi, unapunguza mwendo wa mambo haya, huyazuii. Na baridi yenyewe ina madhara yake: seli zinazotandika vijia vya damu ndani ya ini hujikunja na kubanduka. Nikiletewa kipande cha ini lililokaa barafuni mno, hapo ndipo ninapotazama kwanza, kwenye ule utandiko, kabla sijazitazama seli kubwa za ini.

Kisha mpasuaji anashona, anafungua vibanio, damu inaingia. Kila mtu chumbani anafurahi, ini limegeuka jekundu. Na hapo ndipo madhara mengi hutokea! Mnaovuka Likoni asubuhi mwaijua hali hii. Watu wamezuiliwa, feri imechelewa, wamesimama wanatokwa jasho, hakuna aliyeumia bado. Likifunguliwa lango ndipo mtu anapokanyagwa. Ini nalo ni hivyo. Oksijeni inarudi kwa ghafla kwenye mitokondria zilizolundika taka, zinazaliwa chembe kali za oksijeni zinazochoma utando wa seli. Seli za Kupffer, ambazo ni walinzi wakazi wa ini, zinaamka na kumwaga kemikali za kuita wenzao. Kwa panya tumezipima hatua hizi vizuri: unabana damu ya sehemu ya ini kwa saa moja au saa moja na nusu, unaachilia. Saa za mwanzo ni kazi ya Kupffer. Baadaye, kuanzia kama saa sita hadi siku nzima, chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili humiminika na kuharibu hata palipokuwa pamesalimika. Katika damu, kimeng'enya cha ALT kinapanda, maana seli zimepasuka na kumwaga vilivyomo.

Haya, sasa nijibuni. Katika jaribio hilo la panya, ini lilikuwa la nani?

La kwake mwenyewe! Hakuna lililopandikizwa. Hakuna cha mgeni. Hakuna damu isiyopatana. Na bado kinga imekuja na jeshi lake. Basi iliona nini?

Iliona maumivu. Seli iliyokufa vibaya humwaga vitu ambavyo kwa kawaida havitoki nje. Mojawapo ni protini iitwayo HMGB1, ambayo makazi yake ni ndani ya kiini cha seli. Ikiwa ndani, ni mtumishi mtulivu wa vinasaba. Ikitoka nje, ni kamsa. Nayo hupokelewa na kipokezi TLR4, kile kile kinachotambua sumu ya bakteria. Panya ambao kipokezi hicho hakifanyi kazi, ini lao huumia kidogo kuliko la wenzao. Wakipewa kingamwili za kuizuia HMGB1, ini huumia kidogo vilevile. Kwa hiyo mwili hautofautishi sana kati ya ini lililoshambuliwa na vijidudu na ini lililokaa muda mrefu bila damu. Kengele ni moja.

Sasa unganisheni. Hebu chukueni ini hilo hilo lililoumia, lakini mara hii liwe la mwingine. Kuna seli za ujumbe, zenye matawi kama ya mti, zinazobeba vipande vya kigeni na kuvipeleka kwenye wengu na kwenye tezi za limfu ili seli T, askari wa kinga, zivione. Seli hizi zikiwa zimetulia, ujumbe wao ni mnyonge, na seli T inaweza kuuona na isifanye lolote, au hata ikafundishwa kunyamaza. Zikiwa zimeamshwa na kamsa ya jeraha, hupeleka ujumbe ule ule pamoja na amri ya vita. Kipande cha kigeni ni kile kile. Kilichobadilika ni kelele inayokisindikiza.

Mwaka 1994 watu wawili walilisema jambo hili bila kutumana. Mmoja ni Walter Land wa Munich. Yeye na wenzake waliwapa wagonjwa wa figo, wakati wa upasuaji, kimeng'enya kinachozima zile chembe kali za oksijeni. Si dawa ya kukandamiza kinga, angalieni hapo! Ni ya kulinda kiungo kisichomwe damu inaporudi. Waliopewa walipatwa na kukataliwa kwa ghafla mara chache kuliko wasiopewa. Wa pili ni Polly Matzinger wa Marekani, aliyeandika kwamba kinga haishughulikii ugeni, inashughulikia hatari. Huyu mama ana vituko. Mwaka 1978 alichapisha makala ya kisayansi na kumwandika mbwa wake kuwa mwandishi mwenza, maana hakutaka kuandika "mimi" peke yake. Mbwa akaingia katika kumbukumbu za elimu ya kinga bila kuchanjwa wala kupasuliwa. Ni wachache katika jamaa zake waliopata bahati hiyo.

Mnacheka, lakini nimekaribia swali gumu, na dada aliye karibu na dirisha amekwishanitupia: mbona mnawatesa wanyama? Ni swali la haki. Sote tumelelewa na kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia atafute chake. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, nayo inadai leseni kwa anayefanya majaribio juu ya mnyama. Mimi nasema hivi: mnyama asiyelazwa usingizi vizuri, asiyetulizwa maumivu, anayetumiwa kwa swali ambalo jibu lake tayari liko vitabuni, huyo anadhulumiwa. Na nimesoma makala zinazonuka dhuluma hiyo. Nyingine hazinuki.

Turudi kwenye ini, maana nimewaficha jambo. Ini lina tabia ya ajabu.

Roy Calne wa Cambridge aliwapandikizia nguruwe ini la nguruwe wengine. Najua nikitaja nguruwe kuna wanaokunja uso. Kunjeni, nami nakunja, lakini ini lake kwa ukubwa na kwa mishipa linakaribia la mtu. Calne hakuwapa wengi wao dawa yoyote ya kukandamiza kinga. Angetarajia nini? Siku chache na mauti, kama ilivyo kwa figo au ngozi. Lakini baadhi ya nguruwe wakaishi miezi, hata miaka. Wengine walianza kulikataa ini, kisha wakaacha wenyewe. Tena aliyekwisha kulipokea ini aliweza kupokea na figo ya nguruwe yule yule aliyetoa ini. Ini lilikuwa linawaombea jamaa zake. Walichapisha mwaka 1969, na hadi leo wanaoisoma mara ya kwanza huirudia kuhakikisha hawakukosea.

Huku kwetu Afrika kazi ya ini la nguruwe ilifanyika Cape Town, na hapa nataka kumtaja Hamilton Naki. Alizaliwa Transkei, akaajiriwa Chuo Kikuu cha Cape Town kama mtunza bustani. Mwaka 1954 Robert Goetz, aliyekuwa akichunguza mishipa ya twiga, alimwita aje kusaidia kumshika mnyama. Hakurudi tena bustanini. Alijifunza kulaza wanyama usingizi, kupasua na kushona, hadi akawa anawafundisha madaktari vijana kupandikiza ini la nguruwe, huku sheria za ubaguzi zikimzuia kugusa mgonjwa mzungu. Alistaafu 1991 na pensheni ya mtunza bustani. Chuo kilimpa shahada ya heshima ya uzamili mwaka 2003, naye akafariki 2005. Mtasikia watu wakisema alishiriki kupandikiza ule moyo wa kwanza wa mtu, hapo Cape Town mwaka 1967. Si kweli, na magazeti yaliyoandika hivyo yaliomba radhi. Sioni haja ya kumwongezea uongo. Alichokifanya kinamtosha.

Kisha ikaja zamu ya panya. Naoshi Kamada, Mjapani aliyefanya kazi na Calne, alibuni njia ya kuunganisha mishipa ya panya kwa vipete vidogo badala ya kushona yote, maana panya akikaa bila ini kwa nusu saa hivi, hana maisha. Wakaona hivi: ini la panya wa ukoo wa DA kwa panya wa ukoo wa PVG hupokewa bila dawa. Ukibadilisha, ukampa panya wa ukoo wa Lewis ini la DA, hukataliwa na panya hufa. Mpasuaji yule yule, vipete vile vile, dakika zile zile. Kwa hiyo siwaambii jeraha ni kila kitu. Aliyerithi kinga kali, ni kali.

Na kuna la kushangaza zaidi. Ukimpiga mtoaji mionzi kabla ya kulichukua ini, ukaziua chembe nyeupe zinazosafiri nalo, panya wa PVG aliyekuwa akilipokea anaanza kulikataa. Wale abiria ndio waliokuwa wakituliza! Seli T za mpokeaji hukutana na umati huo wa wageni mapema, huchoka, na nyingi hufa. Kwa hiyo kuna kelele ya mwanzo inayoleta vita na kuna kelele ya mwanzo inayoleta amani, na kwenye hadubini siku za mwanzo zinafanana mno. Nikiletewa kipande cha siku ya tatu bila maelezo, nakataa kutabiri.

Baadaye zinajitenga. Kukataliwa kwenyewe kuna sura yake: seli T zimejazana kwenye vituo vinapopita mishipa na mirija ya nyongo, zimeipenya mirija, zimejipenyeza chini ya utandiko wa vena. Seli kubwa za ini mara nyingi hubaki zinatazama tu. Jeraha la kukosa damu huanza kwingine, kwenye seli zilizo katikati ya vifundo, mbali na oksijeni. Wataalamu waliokutana Banff, Kanada, walituwekea kipimo cha kusomea haya, na cha ini kikatoka 1997.

Panya wa maabara lakini, ndugu zangu, si mtu. Anaishi kwenye sanduku safi, hajaugua malaria, hajapata homa ya ini aina ya B, hajala mahindi yenye sumukuvu. Kinga yake haijasoma. Ya kwetu imesoma sana, nayo huchanganya vijidudu vya jana na kiungo cha leo. Halafu panya anaweza kuishi bila kuunganishiwa ateri ya ini. Mtu ukimwacha hivyo, mirija yake ya nyongo inakufa. Anayekuja kwenu na jaribio la panya akasema dawa imepatikana, mpeni chai, msimpe pesa.

Dawa za kukandamiza kinga zipo, sizidharau. Siklosporini ilitoka kwenye kuvu wa udongo wa Norway, takrolimasi kwenye bakteria wa udongo wa Japani, na bila hizo hospitali nyingi zisingekuwa na mgonjwa wa ini hata mmoja wa kumwonyesha. Lakini zinashughulikia seli T. Haziliponyi ini lililofika limeshaumia.

Ndiyo maana nimevutiwa na mashine. Kule Oxford walianza na ini la nguruwe: badala ya barafu, liweke kwenye mashine inayopitisha damu yenye joto la mwili, lipumue, litoe nyongo, ulitazame kabla ya kuliamini. Matokeo ya binadamu yalitoka 2018. Jeraha, kwa kipimo cha vimeng'enya, lilipungua kwa nusu, ingawa maini hayo yalikaa nje muda mrefu zaidi, na yaliyotupwa yalikuwa machache kuliko ya barafuni. Uhai wa wagonjwa kwa mwaka mmoja haukutofautiana, nalo niliseme. Zurich wakaenda mbele zaidi: mwaka 2021 walimpa mgonjwa ini lililokaa siku tatu mashinani.

Sasa sisi wa Mombasa. Wagonjwa wetu wengi wa ini bado wanapanda ndege kwenda India. Siku upandikizaji wa ini utakapozoeleka hapa, na joto letu hili, na foleni ya daraja la Nyali saa kumi na mbili jioni, kitakachoua maini si upungufu wa wapasuaji. Ni dakika. Kila kijana hapa anataka kuwa mpasuaji, nimewauliza mlipokuwa mnaingia. Nataka wawili watatu wanaotaka kujifunza kulihifadhi ini: maji yake, joto lake, mashine yake, gari lake. Hakuna atakayewapigia picha. Njooni mniandikishie majina baada ya chai.

Nimalizie kwa mzee wangu pale mbele, aliyeuliza kabla hatujaanza kama ini la mnyama litawahi kuwekwa ndani ya mtu. Limeshawekwa, mzee wangu. Mwaka 1992 Starzl, akiwa Pittsburgh, alimwekea mgonjwa ini la nyani, akaishi siku 70. Kilichomwondoa kilikuwa maambukizo, mwili ukiwa umekandamizwa kinga mno. Na mwezi Machi 2024, huko Xi'an, China, madaktari walimwekea mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umekufa ini la nguruwe aliyebadilishwa vinasaba sita. Jamaa zake waliridhia. Ini lake mwenyewe hawakuliondoa. Lile la nguruwe likatoa nyongo kwa siku 10, kisha wakalitoa kama familia ilivyotaka. Kuhusu hukumu ya nguruwe sitajifanya shehe. Wanazuoni waliokutana Jeddah 1988 walilizungumzia suala la kupandikiza viungo, tukaulize kwao na kwa waliokuja baada yao.

Haya, maswali. Anza wewe mwenye kanzu ya bluu.